Butura ya darasa la saba

Wiki ya kwanza ya Januari, kabla wanafunzi hawajarudi, shule hukaa kikao cha kugawana vipindi. Miaka michache iliyopita nilikaribishwa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo upande wa Kyerwa, mkoani Kagera, katika ofisi ya walimu yenye meza tatu na kabati lililofungwa kwa waya. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi mwalimu mkuu akawa anasoma orodha kwa kupaza sauti kama mnadi. Alipofika darasa la kwanza, mwalimu mmoja wa kike akanyoosha mkono. Kwa miaka kadhaa alikuwa akifundisha hisabati darasa la saba, na kila mtu mle ndani alijua kwamba jina la shule limebebwa na yeye. Akasema anaomba apewe la kwanza. Watu wakanyamaza, ikabaki mvua peke yake. Kisha mzee mmoja wa pembeni akamuuliza, nusu utani nusu kweli: "Mwalimu, umekosa nini?"

Swali lile sijaweza kulisahau, maana lilisema yote. Katika shule zetu nyingi darasa la kwanza ni adhabu. Hupewa mwalimu mgeni ambaye bado hajajua pa kulalamikia, au anayesubiri kustaafu, au aliyepishana maneno na mkuu wake, au kijana wa kujitolea anayelipwa kwa michango ya wazazi pale michango inapopatikana. Hodari huwekwa la saba, kwa sababu Septemba unakuja mtihani wa Baraza la Mitihani, na kinachohesabiwa wilayani ni huo. Najua nitawaudhi marafiki zangu walio idara ya elimu, lakini nitasema: wilaya za Karagwe na Kyerwa zinafeli darasa la kwanza, halafu zinatumia nguvu zote kulificha jambo hilo darasa la saba.

Asiyetoka kwetu huenda halijui neno butura. Mkulima wa kahawa aliyebanwa na shida hangoji msimu. Humwendea mwenye fedha wakati kahawa ingali mbichi mtini, pengine ikiwa maua tu, akapokea kiasi atakachopewa na kuahidi magunia. Ikiiva, si yake tena. Serikali imeipiga vita biashara hiyo miaka nenda rudi, vyama vya ushirika vimeilaani, wakuu wa wilaya wameitolea amri moja baada ya nyingine. Bado ipo, kwa kuwa shida haisubiri mwezi wa Juni.

Na hakuna mwezi wenye shida kama Januari. Robusta yetu huvunwa katikati ya mwaka, na hela yake mara nyingi haifiki Krismasi. Januari kibanja kina ndizi, kina maharage, lakini mfukoni hamna kitu, na hapo ndipo kengele ya shule inapogongwa. Ada imefutwa tangu Januari 2016 kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne. Lilikuwa jambo jema, na lilijaza madarasa hadi milangoni. Lakini sare haikufutwa, wala viatu, wala madaftari, wala mchango wa uji na wa mlinzi. Ruzuku inayotolewa na serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 hubakizwa huko juu kwa ajili ya vitabu. Zinazofika shuleni ni 6,000. Zigawe kwa siku 194 za masomo, utapata shilingi 31 kwa siku. Pipi moja kwenye duka la Nkwenda haiuzwi bei hiyo.

Kwa hiyo wapo wazazi, na nawajua, waliouza kahawa mtini ili mtoto avae shati jeupe. Siwalaumu. Butura inayonikera ni ya pili, ile inayofanywa na shule na halmashauri: kumchukua mtoto ambaye bado hajaiva na kudai magunia ya asilimia.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Taifa lilitangaza kwamba halitataja tena shule 10 bora wala wanafunzi bora wa kitaifa. Wengi tulishangilia. Huku chini lakini ligi haikusimama hata siku moja. Zama za Matokeo Makubwa Sasa, kuanzia 2013, shule zilipakwa rangi ya kijani, njano na nyekundu kama taa za barabarani, na mazoea yale hayakuondoka na mpango wenyewe. Mpaka leo ukiingia kwenye kikao cha tathmini utakuta karatasi ukutani, kata kwa kata, shule kwa shule, na aliye mkiani anasimama kujieleza mbele ya wenzake. Nimeona watu wazima wenye wajukuu wakitetemeka kwenye vikao hivyo.

Mwalimu mkuu anayetetemeka hufanya nini? Hufanya hesabu rahisi. Darasa la saba ana watoto 60, darasa la kwanza ana zaidi ya 100. Wale 60 watapimwa mwaka huu, wale wengine baada ya miaka 6, na kufikia hapo yeye atakuwa amehamishwa au amestaafu. Basi ikifika Mei anaanzisha kambi. Wa la saba wanakuja kabla ya jua na kuondoka na giza, wanapigwa jaribio juu ya jaribio, na walimu wa madarasa ya chini wanaazimwa kwenda kusahihisha. Darasa la kwanza hubaki na kiranja. Kiranja wa miaka 7.

Kambi hizo huangukia wakati uleule ambao kahawa inachumwa. Mtoto wa darasa la tano ambaye hakuna mtihani mkubwa unaomtisha hupelekwa kibanjani, na hakuna atakayemfuata, maana macho yote yako la saba. Akirudi Agosti amepitwa na kugawanya. Upande wa Kyerwa kuna pia machimbo ya bati, na kuna Murongo, ambako ukivuka mto Kagera umeshaingia Uganda. Kijana wa miaka 13 mwenye baiskeli ana njia tatu za kupata hela mkononi, na darasani hamna hata moja.

Asilimia ya ufaulu ina hila moja ambayo wazazi hawaambiwi. Inahesabu waliokalia kiti cha mtihani, basi. Ukitaka kuijua shule yako omba uoneshwe daftari la uandikishaji la darasa la kwanza la miaka 6 iliyopita, uliweke kando ya orodha ya watahiniwa wa mwaka huu. Usitafute wastani, tafuta majina. Fulani yuko wapi? Alihama. Fulani? Alirudia la nne mara mbili, akaacha. Fulani? Anachunga. Zoezi hilo huchukua nusu saa na huondoa furaha yote ya asilimia.

Hata waliobaki, karatasi ya kuchagua herufi haisemi kila kitu. Mwaka 2012 nchi nzima ilishtuka kusikia kwamba kulikuwa na wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza bila kujua kusoma wala kuandika. Mwaka huohuo karibu watahiniwa 6 kati ya 10 wa kidato cha nne wakapata sifuri, matokeo yakatangazwa Februari 2013, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Yalisemwa mengi. Lililonishangaza mimi ni kwamba watu walitafuta mchawi kidato cha nne, kama mtu anayekuta mgomba umeanguka akaanza kuchunguza majani.

Turudi darasa la kwanza, maana huko ndiko nilikokaa siku nzima, nyuma kabisa, kwenye dawati ambalo magoti yangu yalikataa kuingia chini yake. Shule siitaji. Ilikuwa Februari. Watoto walikaa wanne wanne na watano watano kwa dawati, wengine sakafuni mbele, na mstari wa kwanza ulikuwa karibu na ubao kiasi kwamba vumbi la chaki lilikuwa linawaangukia nyweleni. Mwalimu, kijana mstaarabu kutoka mkoa wa mbali, alibandika picha ya kuku. Akauliza: "Hii ni nini?" Darasa zima likajibu kwa furaha: "Enkoko!" Akatikisa kichwa. Akauliza tena. Wakajibu tena, kwa sauti kubwa zaidi, wakidhani hakusikia. Mara ya tatu wachache tu walijibu, na mara ya nne hakuna. Walikuwa wameelewa jambo moja, kwamba kumbe kile wanachokijua si jibu.

Yule kijana hakuwa na kosa. Hajui Runyambo, lugha ya watoto wale, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba enkoko na kuku ni ndugu wa damu, kama embuzi na mbuzi. Angelijua hilo angelicheka nao, akaandika yote mawili, akavuka. Profesa Josephat Rugemalira, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alishachapa msamiati wa Runyambo na Kiswahili chake tangu 2002. Kitabu kipo. Sijakikuta katika ofisi ya mwalimu mkuu hata moja, wala sijasikia mafunzo kazini yanayomfundisha mwalimu mgeni maneno 200 ya mahali anapopelekwa. Tunamkabidhi chaki na karatasi, tunamwambia karibu Kagera.

Mtoto wetu, kwa hiyo, anahama lugha mara mbili. Anatoka Runyambo kwenda Kiswahili akiwa na miaka 6, na akiingia kidato cha kwanza anakikuta Kiingereza kimekaa kwenye kiti cha mwalimu. Wa Kayanga mjini au Omurushaka anakisikia Kiswahili stendi na dukani, hana taabu kubwa. Wa milimani kuelekea Rwanda anakisikia redioni na kanisani au msikitini. Ule mtaala wa 2015 uliosisitiza kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa mawili ya mwanzo ulilenga mahali sahihi kabisa. Lakini mtaala haufundishi peke yake. Unahitaji mtu, na mtu tulimpeleka la saba.

Hapa watani zetu watauliza: yaani ninyi akina nshomile ndio mnalia habari za elimu? Neno hilo, "nimesoma", tumebandikwa watu wote wa Kagera, na tumelivaa kama koti. Ukweli ni kwamba sifa hiyo ilijengwa zaidi upande wa ziwa, Bukoba na Muleba, ambako wamisionari waliweka kituo Kashozi tangu 1892 na seminari na shule zikafuata mapema. Karagwe ilikuwa na ufalme wake pale Bweranyange, mfalme Rumanyika akiwapokea wavumbuzi akina Speke mwaka 1861, lakini madarasa yalikawia kupanda milima hii. Tuliunganishwa kwenye sifa ya jirani. Wilaya ya Kyerwa yenyewe ilizaliwa juzi tu, 2012, ilipokatwa kutoka Karagwe, na sensa ya mwaka ule ikakuta kila upande una watu zaidi ya laki 3. Wilaya mbili kubwa, zilizojaa watoto, zinaishi kwa jina lililochumwa katika shule za Ihungo na Rubya. Nadhani sifa hiyo imetudhuru. Anayeitwa msomi haendi kupimwa macho.

Kagera ni moja ya mikoa iliyochunguzwa sana Afrika, na sisi wenyewe hatusomi yaliyoandikwa juu yetu. Kuanzia 1991 hadi 1994 watafiti waliofadhiliwa na Benki ya Dunia walizifuata kaya za mkoa huu, wakazirudia 2004 na tena 2010, wakiwatafuta watu walewale hata waliohamia Mwanza au Dar es Salaam. Walikuja kwa sababu ya Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Wakaona kwamba mtoto aliyefiwa na mama alipoteza karibu mwaka mzima wa masomo, na alipokuwa mtu mzima alikuwa mfupi kwa sentimita 2 hivi kuliko ambavyo angekuwa. Msiba wa utotoni uliandikwa mifupani.

Jingine walilolikuta ndilo ninalolitaka zaidi. Mazao yakiharibika, kaya huongeza kazi za watoto. Hilo bibi yangu angewaambia bila kulipwa. Lakini wakaona pia kwamba kaya yenye akiba au mali ya kushikia haikuwatumikisha watoto kwa kiwango kile. Maana yake mzazi wa Mabira au Nyabiyonza anayemtoa mtoto shuleni si mjinga anayehitaji kuhamasishwa kwa kipaza sauti. Anakosa pa kukopa bila kuuza maua ya kahawa. Chama cha ushirika cha KDCU na vyama vya msingi vilivyo chini yake vina orodha ya kila mkulima na kilo zake. Sioni kwa nini sehemu ndogo ya malipo, kwa anayetaka mwenyewe, isizuiwe hadi wiki ya kwanza ya Januari. Wazee wanakumbuka malipo ya pili ya kahawa yalivyokuwa yakinunua madaftari. Ni wazo la mhasibu, halina utukufu, wala haliwezi kuzinduliwa kwa kukata utepe.

Kwa upande wa shule kuna ushahidi mwingine wa hapahapa nchini. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza na washirika wake walifanya jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Shule nyingine zilipewa shilingi 10,000 za ziada kwa kila mwanafunzi. Nyingine, walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Nyingine zikapewa yote mawili. Fedha peke yake hazikuinua alama za watoto. Pale ambapo fedha na ahadi kwa mwalimu vilikwenda pamoja, alama zilipanda waziwazi. Sipendi sana kumlipa mwalimu kwa kichwa cha mtoto, naona inanuka mnada. Lakini angalia walimlipa nani: wa la kwanza, la pili na la tatu. Kwa mara ya kwanza mtu alimwambia mwalimu wa watoto wadogo kwamba kazi yake ina thamani ya shilingi.

Majengo sitayasemea sana, yamesemewa. Fedha za Uviko za mwaka 2021 zilijenga madarasa 15,000 nchini, 3,000 kati yake katika shule shikizi, na ukipita barabara ya Kyaka hadi Bugene na kuendelea utayaona yamesimama safi. Nyumba za walimu ndizo hazionekani. Mwalimu aliyepanga chumba Nkwenda na shule iko milimani atafika saa 3 mvua ikinyesha, na kuanzia Septemba hadi Desemba mvua hainyeshi kwa ratiba. Chakula vilevile: mkoa wa ndizi na maharage, na bado theluthi hivi ya watoto wake wadogo wamedumaa, juu ya wastani wa taifa. Mtoto aliyetembea kilomita 5 na tumbo tupu hana habari na silabi.

Wenye uwezo wamejitafutia njia. Walianza kuwapeleka watoto bweni wakiwa bado hawajui kufunga kamba za viatu. Septemba 2020 moto wa bweni hapahapa Kyerwa uliua wanafunzi 10. Mwaka 2023 wizara ikapiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Nakubaliana na katazo hilo kwa moyo wote, lakini mzazi wa kijiji ambacho shule yake ina watoto 100 darasani ana haki ya kuuliza: basi nimpeleke wapi?

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mkuu wa siku nyingi, alinisikiliza nikiyasema haya hadi mwisho, akanywa chai yake, akasema: "Wewe unaandika magazetini. Mimi nikimtoa fundi wangu la saba, Desemba watoto 15 hawatachaguliwa. Wale 15 wana majina." Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya ninalo. Mwaka wa kwanza utauma. Ndiyo maana siwezi kumwachia mwalimu mkuu uamuzi huu peke yake huku bosi wake anangoja asilimia. Ofisa elimu wa wilaya ndiye anayeweza kubandika karatasi nyingine ukutani, yenye safu moja tu: watoto wangapi wa darasa la pili, Novemba, wanasoma aya fupi ya Kiswahili na kuielewa. Aipime mwenyewe, ashike watoto kwa bahati nasibu bila kutoa taarifa, na kikao cha tathmini kianzie hapo. La saba lije baada ya chai. Nakuhakikishia Januari inayofuata hakuna atakayeuliza mwalimu amekosa nini.

Mabadiliko ya sera ya 2023 yanatupa nafasi, maana elimu ya msingi inafupishwa kuwa miaka 6. Mtoto aliyepoteza miaka miwili ya kwanza kwa sababu alisema enkoko hatakuwa tena na ule mwaka wa saba wa kubebwa kambini.

Yule mwalimu wa kike alipewa la kwanza, hatimaye, kwa masharti kwamba aendelee na vipindi viwili vya hisabati la saba. Nilimtembelea mwaka uliofuata, mwezi wa Julai. Alikuwa ameligawa darasa mafungu mawili, wa asubuhi na wa saa 5, na ukutani ameandika maneno kwa jozi: embuzi, mbuzi, amaizi, maji, ente, ng'ombe, na hapo watoto walikuwa wanacheka kila mara kwa sababu hiyo jozi haifanani. Kwenye kona kulikuwa na ndoo ya visoda vya kuhesabia. Nikakumbuka kwamba mara ya kwanza nilipopita darasani kwake nilimwona na kopo la kahawa kavu ya maganda, kila mtoto akihesabu punje zake 20. Nikamuuliza kopo liko wapi.

"Bei imepanda," akasema. "Nikiwapa 20, zinarudi 12."